Basi moja la Kakamega kwa mwaka, au kichaka cha nyuma ya shule kila Alhamisi? (Uzi mrefu, samahani)

Tichala_Kajulu

Wadau, hamjambo. Mimi huwa napita tu hapa kusoma na kuondoka, ila leo nina jambo.

Nafundisha Gredi 4 kwenye shule moja upande wa Kajulu, nje kidogo ya Kisumu. Watoto 46. Mwaka jana tuliwapeleka msitu wa Kakamega. Kila mzazi alitoa shilingi 1,300, basi likakodiwa, tukaondoka kabla ya jua kuchomoza. Njia mnaijua: Kiboswa, Majengo, Chavakali, ukifika Khayega unakata kulia, Shinyalu, halafu Isecheno. Majengo tulikuwa tayari na watoto wawili waliotapika.

Ndani ya msitu tulitembea kama saa mbili. Sasa fikiria watoto 46 kwenye kijia cha mtu mmoja mmoja. Wa mbele wanakanyagwa visigino, wa nyuma hawasikii mwelekezi anasema nini. Mbega walisikia kelele zetu wakapanda juu zaidi. Tukapiga picha chini ya mti mkubwa, tukala chapati na soda, tukarudi.

Jumatatu nikawapa insha. Kati ya 46, insha 31 zilihusu basi. Nani alikaa dirishani, nani alitapikiwa viatu, dereva aliweka nyimbo gani. Mbega walitajwa na watoto wanne.

Nilicheka sana. Baadaye kicheko kiliniisha.

Nyuma ya shule yetu kuna kijito kinachoshuka kutoka kilimani, na kando yake kuna kichaka cha kama nusu ekari. Kuna miti, naitaja kwa Kijaluo: siala kadhaa, ober wawili wazee, yago mmoja, ochuoga pembeni, na mawe makubwa. Ni shamba la mzee jirani. Alinikubalia tuingie mradi watoto wasivunje matawi. Basi tangu muhula wa kwanza, kila Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho kabla ya chakula cha mchana, tunakuwa huko. Hakuna basi wala ada, na ni mahali palepale kila wiki.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa fujo tupu. Wiki ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Nina kijana mmoja ambaye tangu Januari hajawahi kuinua mkono darasani. Nilimkuta amechuchumaa chini ya jiwe moja lililojitokeza kama paa, mahali ambapo mvua haifiki na vumbi ni laini kama unga. Kwenye vumbi kulikuwa na vishimo vingi vidogo, kila kimoja kama faneli. Alishika unyasi mmoja, akaugusisha polepole kwenye ukingo wa kishimo. Mchanga ukaporomoka kidogo. Halafu kutoka chini kabisa kitu kikarusha mchanga juu, mara moja, mara mbili. Kijana akanitazama: "Mwalimu, anadhani nyasi ni sisimizi."

Dakika kumi baadaye nilikuwa na watoto ishirini wamelala kifudifudi, hakuna anayesema neno. Mimi mwenyewe sikujua yule mdudu anaitwaje. Alhamisi iliyofuata kijana ndiye aliyetufundisha: wanapenda vumbi kavu tu, mvua ikiingia wanahama, na ukimtoa nje anatembea kinyumenyume.

Shida sasa ni wazazi. Kwenye kundi la WhatsApp nimesomewa: nguo zinachafuka, kuna nyoka, "tunalipa pesa watoto wakacheze porini?" Mwalimu mkuu amenipa hadi mkutano wa Ijumaa ijayo nieleze. Mnasemaje? Mnaopinga pia karibuni, nataka kusikia hoja zenu kabla sijasimama mbele yao.

Boda_Mamboleo

Sisi enzi zetu pia tulikuwa tunaenda msituni na mwalimu. Alikuwa anatutuma kukata fimbo za kutuchapa sisi wenyewe. Majina ya miti tuliyajua vizuri sana, hasa ile isiyouma.

Mama_Wawili_Nakuru

Mwalimu, umesema mnaopinga tuje. Nimekuja.

Nililelewa kwa kuchunga mbuzi upande wa Njoro. Thabai ya kuwasha, mvua, matope, miiba, yote nayajua. Sikuyaona kama elimu. Niliyaona kama kitu cha kutoroka. Leo nafanya kazi mjini, nafua soksi nyeupe kila jioni, ili mtoto wangu ashike kitabu. Halafu mwalimu ananiambia leo somo lilikuwa kukaa kwenye vumbi. Usinichukulie vibaya, lakini elewa maneno yako yanavyosikika kwa mtu kama mimi. Na huu mtaala umetuchosha. Mara tupeleke maganda ya mayai, mara tukachape picha saiba saa tatu usiku.

La pili ni usalama. Mwaka juzi shule ya mtoto wangu (sitaitaja) iliwapeleka Menengai. Watoto sitini, walimu wawili. Mnajua ile kreta, upana wake ni kama kilomita 12 na ukingo wake ukiteleza hakuna cha kukushika. Niliona video watoto wanasukumana pale juu. Sikulala.

Kwa hiyo jibu langu: hapana, mpaka unishawishi.

Kuka_Isecheno

Mwalimu, huenda mimi ndiye niliyewatembeza siku hiyo. Kama si mimi basi ni mwenzangu. Nimekuwa mwelekezi msitu huu miaka mingi, na wajukuu zangu ndio wamenifungulia akaunti hii, kwa hiyo mnivumilie.

Hao 46 kwa pamoja ndio walioharibu safari. Watoto kumi au kumi na wawili kwa mwelekezi mmoja, hapo tunaweza kuzungumza. Zaidi ya hapo mimi nakuwa askari trafiki.

Pia kuna walimu wanaokuja na karatasi ya maswali. Taja ndege watano. Taja miti mitano. Mtoto anatembea akiangalia karatasi, hondohondo anapita juu yake na mabawa yanavuma kama mtu anayekata upepo kwa panga, yeye anauliza "hondohondo anaandikwaje?" Nilishawahi kumnyang'anya mtoto karatasi. Mwalimu wake alikasirika.

Mimi swali langu huwa moja tu. Nawapeleka kwenye mapera pembeni ya msitu, nawauliza: nani aliyapanda haya? Watasema mzungu, watasema serikali, watasema Mungu. Nawaacha. Baadaye tukiona kinyesi cha nyani kwenye njia, kimejaa mbegu, siongei. Kuna mmoja atapiga kelele. Daima kuna mmoja. Hapo ndipo nawaambia kwamba mpera wenyewe ulitoka mbali, Amerika, na bado nyani wetu hawakuulizwa kama wanaujua.

Halafu mukumu. Ndege anakula tunda, anaacha mbegu juu kwenye tawi la mti mwingine. Mizizi inashuka kutoka juu, myembamba kama kamba za katani, inafika ardhini, inanenepa, inaungana, inamzunguka mwenyeji hadi anakufa na kuoza. Kinachobaki ni mukumu wenye tumbo tupu. Mtoto anaweza kuingia ndani na kutazama juu kama aliye ndani ya bomba. Nawaambia: hapo uliposimama ndipo mti mwingine ulipokuwa. Wananyamaza wote, hata wale wa mjini.

Kuhusu nyoka, sitakudanganya mama wa Nakuru. Msitu huu una koboko wa miti, swila na bafe wakubwa. Lakini watoto 46 wakipiga kelele, nyoka hawangoji. Sheria zangu ni tatu: usitie mkono kwenye shimo, usikae juu ya gogo kabla ya kulitazama upande wa pili, usitoke njiani. Kinachotusumbua kweli ni siafu. Mtoto akisimama kwenye msafara wao bila kujua, utasikia mayowe hadi Shinyalu.

Na njooni asubuhi. Hapa mvua inafika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka na nyingi hushuka alasiri.

Yule mdudu wa kijana wako ni mtoto tu. Akikua anaota mabawa, anafanana na kereng'ende, na hachimbi tena. Usimwambie kijana. Mwache auone mwenyewe.

Tichala_Kajulu

Mzee, asante. Huyo wa mabawa nitakaa naye kimya.

Mama_Wawili, nimesoma maneno yako mara tatu. Sina jibu la soksi. Ile ya kutoroka kichaka imenigusa kwa sababu mama yangu angesema vilevile. Ila niseme kitu nilichokiona. Darasani kwangu kuna watoto wanaochunga ng'ombe jioni. Kwenye karatasi hao ndio wa mwisho. Kichakani ndio wanaoulizwa. Binti mmoja anajua mti upi ng'ombe hali na upi unawasha mikono, na wale wanaokuja shuleni kwa gari wanamfuata kama kuku na vifaranga. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimemwandikia "ajitahidi zaidi".

Mama_Wawili_Nakuru

Sawa. Lakini mtihani wa Gredi 6 hautauliza ng'ombe anakula nini.

Klinikali_Ahero

Mimi ni afisa wa kliniki, niongeze machache ya afya kabla watu hawajaanza kutishana kwa mambo yasiyo na uzito na kusahau yenye uzito.

Nyoka: ni nadra, lakini mpango uwepo. Mtoto akiumwa, usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitingishwe, apelekwe hospitali. Ujue mapema hospitali ipi iliyo karibu ina dawa ya sumu, na nani ana gari. Bodaboda itafika kwanza, sawa, panda.

Maji: hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Watoto wasiingie kwenye maji yaliyotuama wala ufukoni mwa ziwa. Kichocho kiko. Konokono wake hupenda maji ya polepole yenye majani, na vijidudu vinapita kwenye ngozi bila mtoto kuhisi kitu. Kijito cha kasi chenye mawe hatari yake ni ndogo, lakini bado mimi ningesema watazame na wasiogelee.

Viatu: vifungwe, daima. Vumbi kavu lina funza. Hasa huko chini ya jiwe la kijana wako, Mwalimu.

Radi: ukanda huu wa Kisumu, Kakamega na Kisii ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi nchini. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, toka chini ya miti, rudi darasani. Usingoje mvua.

Malaria hamjauliza lakini najua mtauliza. Mbu wake huuma zaidi usiku. Chandarua nyumbani ndicho cha kushughulikia.

Dada_Somerset

Hodi humu. Mimi ni wa Mumias lakini niko Uingereza, nafanya kazi kwenye shule ya chekechea huku Somerset. Nimecheka kwa sababu mnachobishania hapa huku watu wanasomea kozi na kupewa cheti.

Hadithi yake ni hii. Mwaka 1993 walimu na wanafunzi wa malezi ya watoto kutoka chuo cha Bridgwater, hapa hapa Somerset, walitembelea Denmark. Wakakuta watoto wadogo wanashinda nje msituni, mvua na baridi. Wakarudi wakaanzisha kwao, wakaiita Forest School, yaani shule ya msituni. Leo iko kote Uingereza. Na kanuni ya kwanza kabisa ni ile Mwalimu amejikwaa nayo peke yake: si safari. Ni mahali palepale, mara kwa mara, kwa muda mrefu, ili mtoto aone majira yakibadilika. Ziara ya siku moja huku hawaiiti kwa jina hilo kabisa, hata iwe nzuri vipi.

Jambo moja naweza kuwaazima, la visu. Watoto wetu huchonga vijiti. Kabla kisu hakijatoka kwenye ala, mtoto anakaa, ananyosha mkono wake, anazunguka nao pande zote. Akimgusa mtu, kisu hakitoki. Kisha anachonga kwa kusukuma mbele, mbali na mwili. Sheria hiyo watoto wanaisimamia kuliko sisi. Nilishafokewa na mtoto wa miaka mitano kwa kukaa karibu.

Moto pia tunafundisha kuwasha. Wiki nne za matayarisho.

Boda_Mamboleo

Wiki nne kuwasha moto?? Dada, binti yangu ana miaka tisa, anawasha kuni mbichi za mvua ya Aprili na uji unachemka kabla sijapata kiatu cha pili. Mwambie bosi wako anitumie nauli nije nifundishe.

Dada_Somerset

Shemeji, nitakutafutia visa 😂

Tichala_Kajulu

Nimjibu mama wa Nakuru kuhusu mtihani, maana hili ndilo nitakaloulizwa Ijumaa.

Vipimo viko kwenye Hisabati ya Gredi 4, na nilikuwa navifundisha kwa kuchora mistari ubaoni. Mwezi jana niliwapa kila kundi kamba ya katani na rula ya mita, nikawaambia wapime mzunguko wa shina la ober mkubwa. Kundi la kwanza likaleta mita 3 na sentimita 12. La pili mita 4 na sentimita 35. Mti uleule! Ugomvi ukazuka. Kundi la pili lilikuwa limepima chini kabisa, pale mizizi inapopanuka. Nani ana haki? Tukakaa chini kubishana vipindi vyote viwili. Nikawaambia watu wa misitu katika nchi nyingi hupima mita 1 na sentimita 30 kutoka ardhini. Wakapima wenzao: ni karibu na paji la uso la mtoto wa Gredi 4. Sasa kila mti unapimwa "kwenye paji". Na hakuna mtoto anayechanganya mita na sentimita tena, kwa sababu aliyechanganya siku ile alichekwa na darasa zima.

Lugha je? Nilipotaja siala, mtoto mmoja ambaye kwao ni Vihiga akasema, "Hiyo ni lusiola." Wakalitamka jina hili na lile mara kadhaa, wakagundua wenyewe kwamba majina ni ndugu. Sikuwa nimepanga somo hilo.

Mama_Wawili_Nakuru

Hiyo ya paji nimeipenda, nakiri. Ongeza watu wazima. Mwalimu mmoja kwa watoto 46 kando ya kijito, mimi simwachi wangu, uwe na kamba au usiwe nayo. Waite wazazi wenyewe waje kwa zamu. Mzazi akiona kwa macho yake ataacha kuandika kwenye WhatsApp. Na gunia la kukalia, tafadhali. Gunia moja linaponya sketi tatu.

Tichala_Kajulu (baada ya siku tisa)

Mrejesho wa mkutano kama nilivyoahidi.

Haukuwa mteremko. Baba mmoja alisimama akasema yeye hakumleta mtoto shuleni awe mchungaji, akapigiwa makofi. Nikasoma insha mbili, ya basi na ya kishimo, za mtoto mmoja. Ya basi ilikuwa nusu ukurasa. Ya kishimo kurasa mbili na mchoro. Hapo ukumbi ukatulia kidogo. Nikataja gunia, viatu, radi, kichocho, na zamu ya wazazi wawili kila Alhamisi. Mama_Wawili, wazo lako ndilo lililopita.

Mwalimu mkuu ameruhusu hadi mwisho wa muhula, kisha tutatazama. Mzazi mmoja amekataa kabisa. Binti yake atakuwa anakaa maktaba wakati huo. Nimeheshimu, ingawa binti mwenyewe alikuja kuniuliza kama dirisha la maktaba linatazama upande wa kijito. Halitazami.

Isecheno tutakuja, Mzee, ila muhula wa tatu, na kwa mafungu.

Sasa kuna jambo jipya. Jana mzee mwenye shamba aliniita pembeni. Anauza ober mmoja kwa fundi wa mbao. Mjukuu wake anaingia sekondari na pesa haziko. Ni ule mkubwa, wa paji. Sina haki ya kumlaumu, mti ni wake na karo ni karo. Lakini sijui niwaambie watoto kabla au waukute umelala.

Kuka_Isecheno

Waambie kabla. Mzee mwenyewe awaambie, na awaambie sababu. Watoto wa Gredi 4 wanajua karo ni nini.

Kisha muwahi maganda yake kabla msumeno haujafika. Yale ya kahawia yaliyokauka, yameanguka chini. Toeni mbegu, ziloweke usiku mmoja, pandeni kwenye mikebe. Zinaota kirahisi.

Dada_Somerset

Na kipande cha shina muombeni mzee awaachie. Kiti cha bure.

Tichala_Kajulu (Alhamisi jioni)

Mzee alikuja mwenyewe, amevaa koti. Aliongea kwa dakika tano. Mtoto mmoja alimuuliza mjukuu anaenda shule gani na kama ni ya bweni. Mwingine akauliza ni pesa ngapi mti unatoa. Mzee akacheka akakataa kusema.

Tumepima mara ya mwisho. Mita 3 na sentimita 12, kwenye paji.

Maganda tumeokota ndoo nzima ile ya uji. Tulipoyafungua, karibu nusu ya mbegu zina tundu dogo la mviringo, kama limetobolewa kwa sindano. Nikawaambia nzuri ziende kwenye maji, zilizotobolewa tutupe. Yule kijana wa vishimo akaziomba hizo zilizotobolewa. Amezitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ameziba kwa kitambaa, amebeba nyumbani.